Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Uchaguzi mdogo ukisimamishwa, tarehe mpya itajwe

KWA: Mheshimiwa Martha Koome, Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Kenya, pamoja na majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa

KUTOKA: Mpiga kura wa Eastlands, Nairobi

YAH: MAAGIZO YA KUSIMAMISHA CHAGUZI NDOGO YASIYO NA KIKOMO



Kiti cha mbunge kinapobaki wazi, Katiba ya Kenya huanza kuhesabu siku papo hapo. Ibara ya 101 inampa Spika siku 21 kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), na inaagiza uchaguzi mdogo ufanyike kabla ya siku 90 kwisha tangu kiti kibaki wazi. Hakuna uchaguzi mdogo pale tu kiti kinapobaki wazi katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Ibara ya 105 nayo inaipa Mahakama Kuu miezi sita kuamua nani ni mbunge halali, au kama kiti fulani kimebaki wazi. Spika amewekewa mpaka, Tume imewekewa mpaka, na jaji wa kesi ya kupinga matokeo amewekewa mpaka. Aliyeachwa bila mpaka ni jaji anayeombwa kusimamisha uchaguzi mdogo kabla kura hazijapigwa. Agizo lake la muda laweza kukaa wiki mbili, laweza kukaa mwaka, na Katiba haimlazimu popote kutaja siku nyingine ya kupiga kura.

Pengo hilo ndilo lililoleta barua hii. Mamlaka ya mahakama ya kuzuia uchaguzi ulioandaliwa kinyume cha sheria hayapingwi hapa. Bila mamlaka hayo, mpiga kura wa Eastlands angebaki mikononi mwa vyama na Tume peke yao. Wakazi wa Kariobangi wanajua thamani ya agizo la korti kuliko wengi: Mei 2020, katikati ya mvua na janga la korona, nyumba za maelfu ya watu karibu na mitambo ya majitaka zilibomolewa ingawa kulikuwa na agizo la kuzuia ubomoaji. Kinachopingwa ni agizo linalosimamisha uchaguzi likanyamaza kuhusu lini utafanyika.

1. Mitaa ya Eastlands imeshaonja kila aina ya kungoja.

Januari 2008, Kenya ikiwa inawaka moto kwa ghasia za baada ya uchaguzi, mbunge wa Embakasi Melitus Mugabe Were aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Juni 11 mwaka huo huo wapiga kura wa Embakasi walikuwa kwenye foleni, wakamchagua Ferdinand Waititu. Nchi iliyokuwa bado inazika watu wake iliweza kujaza kiti kwa muda usiofika miezi mitano.

Jirani zao wa Makadara hawakuwa na bahati hiyo. Matokeo ya Desemba 2007 yalipingwa kortini, na sheria ya wakati huo haikumwekea jaji kikomo. Ushindi wa mbunge Dick Wathika ulifutwa, na uchaguzi mdogo ulipofanyika, ilikuwa tayari Septemba 20, 2010. Mwakilishi aliyekuja kuonekana hakuchaguliwa ipasavyo alikuwa amekalia kiti cha Maringo, Mbotela, Jericho na Viwandani karibu nusu ya muhula. Katiba mpya ilizinduliwa Agosti 27, 2010, wiki chache kabla ya Makadara kupiga kura, na ile miezi sita ya Ibara ya 105 iliwekwa kwa ajili ya kuua ugonjwa huo.

Kamukunji ikaonyesha ugonjwa wa pili, ambao Katiba haikuugusa. Ushindi wa mbunge Simon Mbugua ulifutwa, uchaguzi mdogo ukaitishwa, wagombea wakaanza kuzunguka Pumwani, Gikomba na Eastleigh. Kisha mzozo wa uteuzi wa wagombea ukafika Mahakama Kuu na uchaguzi ukasimamishwa. Kura zilikuja kupigwa Agosti 18, 2011, Yusuf Hassan akashinda. Hapa hakuna aliyekuwa anabishania matokeo. Kilichobishaniwa ni nani aruhusiwe jina lake kuwa kwenye karatasi ya kura, na kwa mabishano hayo eneobunge zima liliambiwa lingoje.

Mfano wa Embakasi Kusini ni tofauti, na unastahili kutajwa kwa sababu unaonyesha mpaka ukifanya kazi. Uchaguzi wa 2017 ulipingwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, uamuzi ukatoka mwishoni mwa 2018, na kura za marudio zikapigwa Aprili 5, 2019. Safari ilikuwa ndefu, lakini safari hiyo ilikuwa na siku zake za mwisho.

2. Nairobi nzima ilinyang'anywa uchaguzi kwa agizo la muda.

Kiti cha gavana si cha bunge. Hata hivyo, hakuna kisa kinachoonyesha madhara ya agizo lisilo na tarehe kwa uwazi kama hiki, na wapiga kura wake ni wale wale wa Dandora, Kayole na Umoja. Desemba 17, 2020, Seneti ilimwondoa Gavana Mike Mbuvi Sonko madarakani. Hakukuwa na naibu gavana, kwani Polycarp Igathe alikuwa amejiuzulu tangu Januari 2018. Katiba inasema kwamba viti vyote viwili vikiwa wazi, Spika wa bunge la kaunti ashike nafasi huku uchaguzi ukiandaliwa ndani ya siku 60. Benson Mutura akaapishwa kuwa kaimu, IEBC ikatangaza kwamba kura zitapigwa Februari 18, 2021.

Januari 4, 2021, Jaji Anthony Mrima wa Mahakama Kuu alisimamisha tangazo hilo. Sababu ilikuwa na uzito: Sonko alikuwa kortini akipinga kuondolewa, na kama angeshinda baada ya gavana mwingine kuchaguliwa, kaunti ingekuwa na magavana wawili. Lakini siku kumi na moja tu baadaye, Anne Kananu aliapishwa kuwa naibu gavana, na Novemba mwaka huo akawa gavana. Uchaguzi uliosimamishwa kwa muda haukufanyika kamwe. Kaunti yenye watu zaidi ya milioni nne iliongozwa na mtu ambaye jina lake halikuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura ya 2017, na wakazi wakangoja hadi Agosti 9, 2022.

Mahakama haikukusudia hivyo. Agizo lilitolewa ili kulinda kesi isipoteze maana, na ndani ya muda huo wanasiasa wakapata mlango mwingine. Lau agizo lingetaja tarehe mpya, tuseme Machi au Aprili, Tume ingeendelea kuandaa vifaa na wapiga kura wangekuwa na siku ya kudai.

3. Mahakama imebadilisha jibu kuhusu nani anaweza kuitisha uchaguzi.

Aprili 2018, makamishna watatu wa IEBC walitangaza kujiuzulu, na wakabaki watatu: Wafula Chebukati, Boya Molu na Abdi Guliye. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikataa ombi la kutangaza kwamba watatu hao hawatoshi. Uchaguzi mdogo wa Embakasi Kusini uliendeshwa na Tume hiyo. Mei 13, 2021, katika kesi ya mpango wa BBI wa kubadilisha Katiba, majaji watano wa Mahakama Kuu walisema watatu hawatoshi. Siku tano baadaye, Mei 18, Tume ile ile iliendesha chaguzi ndogo za Juja na Bonchari. Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono Mahakama Kuu mwezi Agosti. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikasema walitosha.

Kwa zaidi ya miezi kumi, hukumu iliyokuwa na nguvu ilisema makamishna watatu hawafikii akidi, na bado chaguzi ndogo ziliendeshwa. Mpiga kura aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kupanga foleni alikuwa anapiga kura ambayo wakili yeyote angeweza kuiita batili.

Kisha Tume ikabaki tupu kabisa. Muhula wa Chebukati na wenzake wawili uliisha Januari 2023, na makamishna wapya chini ya Erastus Edung Ethekon waliapishwa Julai 11, 2025. Mbunge wa Banissa, Kulow Maalim Hassan, alifariki Machi 2023 baada ya ajali ya barabarani. Banissa ilipata mbunge Novemba 27, 2025. Siku 90 za Katiba ziligeuka miezi 32. Wabunge walipopitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 mnamo Juni 25, 2024, siku ambayo vijana waandamanaji waliingia Bungeni, watu wa Banissa hawakuwa na kura ya ndiyo wala ya la. Siku ile ya Novemba wadi ya Kariobangi North nayo ilipiga kura, miongoni mwa maeneo zaidi ya ishirini yaliyokuwa yamengoja.

Kosa la miaka hiyo lilikuwa zaidi la Serikali na wanasiasa waliobishania jopo la uteuzi kuliko la majaji, na haki inataka lisemwe hivyo. Tena mwaka 2025 mahakama ilionyesha inavyoweza kwenda mbio ikitaka. Agizo la kuzuia makamishna wapya kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi lilitolewa mwishoni mwa Mei. Jopo la majaji watatu, Roselyne Aburili, John Chigiti na Bahati Mwamuye, likasikiliza kesi na kutoa hukumu Julai 10: tangazo la Rais likafutwa, uteuzi wenyewe ukaachwa usimame, na siku iliyofuata makamishna wakaapishwa. Wiki sita, kesi nzito, jibu kamili. Kesi ya kusimamisha uchaguzi mdogo wa eneobunge moja haiwezi kuwa ngumu kuliko hiyo.

4. Kiti kitupu kinaonekana wapi.

Kwanza kwenye karo. Fedha za basari za Kaunti ya Nairobi hugawanywa kwa wadi. Mzazi wa Kariobangi North hujaza fomu, akaambatanisha barua ya shule na nakala ya kitambulisho, akatafuta muhuri wa chifu, kisha akaipeleka ofisi ya wadi. Mwakilishi wa wadi, yaani MCA, akiwepo, kuna mlango wa kugonga majina yakikawia kubandikwa. Asipokuwepo, mzazi huambiwa angoje. Muhula unafunguliwa, mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya deni, na mama anayeuza mboga kando ya Outer Ring hana mtu wa kumuuliza kwa jina. Mwanafunzi wa sekondari hawezi kumwomba mwalimu mkuu angoje Mahakama ya Rufaa ipange siku.

Pili, City Hall. Nairobi ina wadi 85, na bajeti ya kaunti ikijadiliwa kila MCA anapigania barabara zake, taa zake za barabarani na mitaro yake. Fungu la wadi isiyo na mtu huamuliwa na wengine. Bomba la majitaka likipasuka nyuma ya ploti Kayole au Dandora, wapangaji hutafuta anayejua mhandisi wa kampuni ya maji, na mara nyingi huyo ni MCA au mtu wa ofisi ya mbunge. Inasikitisha kwamba huduma ya haki hupatikana kwa kumjua mtu, lakini ndivyo mitaa inavyoishi kwa sasa, na kiti kitupu kinawaumiza zaidi wasio na simu nyingine ya kupiga.

Tatu, ndani ya kampeni yenyewe. Hili halitajwi sana kortini. Mgombea mwenye pesa akisikia uchaguzi umesimamishwa, anaendelea kukodi pikapu yenye spika, anaendelea kuchangia mazishi na harambee za kanisa, anaendelea kulipa vijana. Mwalimu au muuza mitumba wa Gikomba aliyechukua mkopo wa chama cha akiba ili agombee hana mwezi wa pili. Uchaguzi ukirudi, yeye ameshafungasha. Kwa hivyo agizo la kungoja, hata likitolewa kwa nia njema kabisa, humchagulia mpiga kura aina ya wagombea watakaobaki.

5. Hoja ya upande wa pili ina uzito, na ina jibu.

Hoja yenyewe ni hii: afadhali kuzuia uchaguzi mbovu kuliko kuufanya, kuufuta na kuulipia mara mbili. India ilichagua njia tofauti kabisa. Katika kesi ya Ponnuswami ya 1952, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba shughuli za uchaguzi zikishaanza, korti haiingii kati. Mwenye malalamiko angoje matokeo yatoke ndipo apeleke kesi. Kenya haihitaji kwenda mbali hivyo. Hapa vyama huteua wagombea kwa mchujo wa vurugu, na Tume yenyewe hukosea. Kumfungia mlalamishi mlango wa korti hadi baada ya kura kungekuwa dhuluma nyingine.

Lakini mizozo mingi inayosimamisha uchaguzi mdogo ni ya uteuzi, na kifungu cha 74 cha Sheria ya Uchaguzi kilishatoa utaratibu: Tume iamue mzozo kwa siku kumi, na mzozo wa uteuzi au uchaguzi unaokuja umalizwe kabla ya siku ya uteuzi au ya kura. Sheria hiyo ilitaka ubishi umalizike ili kura ibaki pale pale. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo, katika kesi ya Munya ya 2014, ilieleza kwamba maagizo ya muda katika kesi za umma yapimwe kwa maslahi ya umma, wala si ya wenye kesi pekee. Umma katika uchaguzi mdogo ni watu wanaoahirishiwa kura.

Kuahirisha kwenyewe hakuna ubaya kukiwa na tarehe. Agosti 2022, kura ya MCA wa wadi ya Kwa Njenga, Embakasi Kusini, haikufanyika Agosti 9 pamoja na nyingine. Tume ilitangaza siku, ikaisogeza mara moja, na Agosti 29 watu wakapiga kura. Hakuna anayeikumbuka Kwa Njenga kwa uchungu.

Lipo pia kosa la upande mwingine, la maombi yanayofika yakiwa yamechelewa. Oktoba 25, 2017, ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio wa urais lilipangwa kusikilizwa siku moja kabla ya kura, na majaji wawili tu wa Mahakama ya Juu, David Maraga na Isaac Lenaola, ndio waliofika. Nchi ikaenda kupiga kura bila jibu.

6. Kinachoombwa.

Sehemu kubwa ya dawa haihitaji Bunge. Ibara ya 22(3) inampa Jaji Mkuu mamlaka ya kutunga kanuni za kesi za haki za kimsingi, na haki ya kupiga kura ya Ibara ya 38 ni mojawapo. Kanuni zinazotumika sasa zilitungwa 2013, wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga. Jaji Mkuu anaombwa aongeze ndani yake sehemu inayohusu chaguzi ndogo, yenye masharti haya:

(a) Uchaguzi mdogo usisimamishwe kwa kusikiliza upande mmoja. Tume na wagombea waitwe, na ombi lisikilizwe ndani ya siku saba.

(b) Kila agizo la kusimamisha litaje tarehe mpya ya kura. Lisipotaja, life lenyewe baada ya siku 30. Hili ndilo ombi kuu. Mengine yote yakikataliwa na hili likakubaliwa, barua hii itakuwa imefanya kazi yake.

(c) Mzozo ukiwa wa jina la mgombea mmoja, agizo liguse jina hilo kwenye karatasi ya kura na liiache tarehe ilivyo, isipokuwa jaji aeleze kwa maandishi kwa nini haiwezekani.

(d) Anayetaka kusimamisha uchaguzi afike kortini ndani ya siku saba baada ya tangazo la Gazeti Rasmi, na rufaa iamuliwe ndani ya siku 14.

(e) Wapiga kura wakishtaki kwa sababu siku 90 zimepita bila uchaguzi, kesi yao ipewe kipaumbele sawa na ya anayetaka kuuzuia, hata kama Tume haina makamishna na mlalamikiwa ni Rais au Bunge.

(f) Idara ya Mahakama ichapishe kila mwezi orodha ya chaguzi ndogo zilizosimamishwa, tarehe ya agizo, na siku zilizopita, ili mkazi wa Komarock aisome bila kumlipa wakili.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Agizo lisilo na tarehe likitolewa mwanzoni mwa mwaka huo, kiti kitakuwa kimekwisha kabla ya kesi kwisha, na hakuna hukumu itakayokirudishia eneobunge miezi yake. Kwa sababu hiyo kanuni hizo zinaombwa zichapishwe kabla ya Januari 2027, na rasimu yake isomwe kwanza kwa wananchi katika kumbi za kijamii za Kaloleni, Kayole na Dandora, kwa Kiswahili.

Nakala: Mwenyekiti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka; Spika, Bunge la Kitaifa; Spika, Bunge la Kaunti ya Nairobi.